Kidari Apewe Nani?

Nawategea hadithi. Anayelijua jibu anyamaze kwanza, kwa sababu wenye majibu ya haraka ndio waliomchosha Anasia.

Palikuwa na watu watatu kwenye miteremko ya Kilimanjaro, kila mmoja na kipaji chake. Mama Kisali, mzee wa kanisa, alikuwa na kipaji cha kukaa: akikaa na mgonjwa hatazami saa. Godlisten, fundi pikipiki, alikuwa na kipaji cha kutafuta: hata nati ikipotea kwenye nyasi, hakubali kwamba haipo. Mchungaji Eliakunda, mama aliyesomea ushauri nasaha baada ya theolojia, alikuwa na kipaji cha kusikiliza: hajibu neno mpaka uwe umelimaliza.

Anasia alikuwa mdogo wake Godlisten, mwalimu wa shule ya msingi na mwimbaji wa kwaya. Jumapili moja, katikati ya wimbo, moyo wake ulianza kwenda mbio, vidole vikafa ganzi, hewa ikawa haimtoshi. Akakimbilia nje. Wanamaombi wakamfuata, wakamzunguka, mikono kichwani, mabegani, mgongoni. Aliyekosa hewa wakamziba hewa. Kadiri alivyotetemeka ndivyo walivyoamini kwamba pepo linakaribia kutoka, na kadiri walivyoamini ndivyo walivyozidi kusogea.

"Niacheni nipumue!" akalia Anasia.

"Mnasikia? Si yeye huyo, ni lenyewe linasema," akajibu mmoja wao.

Tangu siku hiyo hakuweza kuvuka mlango wa kanisa. Baadaye akashindwa kuingia darasani, kisha usingizi na hamu ya kula vikamtoka. Na hapa nisieleweke vibaya: Anasia hakuacha kuamini. Alitaka mtu wa kumsaidia ambaye hatamwambia kwamba imani yake ndiyo mbovu, wala hatamwambia aivue mlangoni kama viatu. Hakuwa akiomba makubwa.

Mama Kisali alikuja asubuhi, akarudi kesho yake, na kesho yake tena, na bakuli la mtori wa ndizi na nyama. Aliomba kwa sauti ya chini, mikono yake ikiwa mapajani pake mwenyewe. Wanamaombi walipokuja kumalizia kazi yao, aliwafukuza tangu uani.

"Na wewe utaniambia nina pepo?" Anasia alimuuliza.

"Mimi nimekuletea mtori. Hebu kula, usije ukapoa ukausema vibaya."

Siku moja Anasia alimwambia kwamba amechoka kuishi. Mama Kisali hakumkemea, wala hakumsomea mstari. Alisema, "Basi leo siondoki," akatuma mtu akamkatie ng'ombe wake majani, akatandika mkeka karibu na kitanda. Alikaa hivyo mpaka Anasia aliposema mwenyewe kwamba neno lile limempita.

Godlisten naye alitafuta. Alimpeleka dada yake kwa mchungaji wa kwanza. Huyo akawasikiliza vizuri sana, lakini Jumapili iliyofuata akatangaza madhabahuni, "Tumkumbuke binti yetu Anasia Lyatuu, anayesumbuliwa na akili." Godlisten alisimama palepale. "Baba mchungaji, tulikuja kwako au tulikwenda redioni?" Akampeleka kwa mtu aliyejiita mshauri wa Kikristo, huyo akamwagiza afunge, mtu ambaye tayari alikuwa hali. Akampeleka kliniki, mshauri wa huko, aliposikia neno maombi, akaangalia dirishani na kusema, "Hapa tunaongea mambo ya kitaalamu, dada."

"Usinipeleke tena popote," Anasia alimwambia kaka yake njiani. "Kila mlango nikiingia, nusu yangu inabaki nje."

"Bado mmoja."

"Hata jana ulisema bado mmoja!"

"Na kesho nitasema. Panda."

Mteja aliyeleta pikipiki gereji ndiye aliyemtajia Mchungaji Eliakunda, ng'ambo ya mto. Godlisten alikwenda, akaambiwa yuko semina. Akarudi, akaambiwa yuko msibani. Safari iliyofuata alikaa kwenye ngazi za nyumba ya mchungaji mpaka mwenyewe aliporejea.

Alipoletewa Anasia, Mchungaji Eliakunda alianza na swali moja. "Tuombe kwanza, au umechoka kuombewa?"

Anasia akacheka, cheko lililomshangaza mwenyewe. "Kuombewa nimechoka. Kuomba sijachoka."

Mchungaji akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Hofu hii tutaibeba wote. Lakini usingizi, na moyo unaokwenda mbio, lazima daktari avione. Kumeza dawa si kumsaliti Mungu." Akaenda naye kwa daktari wa magonjwa ya akili, akakaa benchi moja naye wakisubiri. Baadaye akawa anamleta kanisani katikati ya wiki, kukiwa tupu: kwanza mlangoni tu, halafu benchi la nyuma, halafu lile la mbele yake, wakipumua taratibu pamoja. Ilichukua miezi. Anasia alirudi darasani, na mwishowe akarudi kwaya.

Baba yao, Mzee Lyatuu, akachinja mbuzi wa shukrani na kuwaita wote watatu. Katika ukoo wake kidari, nyama ya kifua, hakikatwi vipande. Hupewa mtu mmoja, na anayekipokea ndiye atakayesikilizwa kwanza shida ile ikirudi. Na daktari alikuwa amesema wazi kwamba inaweza kurudi.

"Kidari ni cha Mama Kisali," akasema shangazi mtu.

"Kwa mtori?" Godlisten akaruka. "Nisingetafuta, mngekuwa mmekaa hapo mpaka leo mnakoroga ndizi!"

"Nisingekaa mimi," akajibu Mama Kisali, "ungemtafutia nani mshauri, mwanangu? Marehemu?"

Mzee Lyatuu akamgeukia mchungaji. "Nawe?"

"Mimi, Mzee, daktari wangu amenikataza nyama ya mafuta." Wakacheka. Yeye hakucheka. "Lakini tusidanganyane. Mkimpa anayekaa, shida ikirudi mtakaa tu. Mkimpa anayetafuta, mtaanza kumzungusha huyu binti upya milango ileile. Mkinipa mimi, mimi niko ng'ambo ya mto, na masika daraja halipitiki."

Wakaanza tena, wote kwa pamoja, kila mmoja akieleza ugonjwa wa Anasia juu ya kichwa cha Anasia.

"Baba!" Anasia akasimama. "Nitakayeugua ni mimi. Kwa nini hakuna anayeniuliza mimi?"

"Haya," akasema Mzee Lyatuu, akimpa sinia lenye kidari. "Mpe umtakaye."

Anasia akalipokea. Akamtazama aliyemfanya awe hai mpaka msaada ufike, aliyeufikisha msaada, na aliyekuwa msaada wenyewe. Mmoja akiondolewa, sinia hilo lisingekuwa mikononi mwake.

Nanyi mnaosikiliza, msiniambie kigawanywe, nimesema hakigawanywi. Msiniambie apewe Mungu. Wote watatu wameshamshukuru, na bado nyama iko kwenye sinia na mikono ya binti inachoka. Shida ikirudi, kuna mlango mmoja utakaogongwa kwanza. Je, ungekuwa wewe, ungegonga wa nani?