Kobe Aliyesema Ni Dua

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa na nini?
Na bwawa, na kobe, na neno lililomkaa kooni.
Basi tulieni.

Hapo kale kobe mmoja alikuwa akizama bwawani alfajiri, akaibuka jua limeshapanda. Wanyama wakamuuliza, "Unapumuaje huko chini?"

Akaona haya, maana jibu lilikuwa mahali pabaya. Akasema, "Ni dua tu, ndugu zangu."

Neno dogo. Lakini wakamwita Maalim. Wakampa jamvi la mbele. Wakamletea watoto awaombee. Na jamvi la mbele ni tamu, jamani. Hata mimi nimewahi kulikalia bila haki, Mungu anisamehe.

Siku moja akashuka majabalini mjane, Bi Pimbi. "Maalim, nami nitaweza kupumua majini?"

"Ni moyo safi tu, Bi Pimbi."

Akajitosa. Akaibuka anakohoa. "Nina kijicho, Maalim. Namwonea jirani." Kobe akarudisha kichwa gambani.

Akajitosa tena. Akaibuka macho mekundu. "Nilimsengenya mkwe wangu." Kobe akarudisha kichwa gambani.

Akajitosa mara ya tatu. Mapovu yakaja. Mapovu yakakoma.

Kobe akazama mbio, akamsukuma kwa mgongo hadi ukingoni. Bi Pimbi akatapika maji, na neno lake la kwanza likawa, "Nisamehe, Maalim. Kumbe mimi mchafu hivi! Kesho nitarudi."

Hapo Kobe akaona: huyu mama atakufa kwa haya zangu.

"Huna uchafu, Bi Pimbi. Mchafu ni mimi. Sipumui kwa dua. Napumua kwa... nyuma."

"Nyuma wapi?" akauliza Nguchiro kati ya wanyama waliokusanyika ukingoni, aliyekuwa amesikia vizuri sana.

"Matakoni! Mungu kaniumbia huko ngozi laini, inanyonya hewa iliyomo majini."

Lo! Nyani akagaagaa chini. Nguchiro akashika mbavu. Bi Pimbi hakucheka.

"Mungu kakupa mlango wa uani," akasema, "wewe ukatuambia ni mihrabu. Nami nikabisha hodi kwa roho yangu."

Kobe akainamisha kichwa. "Nihame?"

"Mficha uchi hazai, baba. Zama. Tukuone."

Akazama mchana kweupe, kichwa chini, mkia juu, bwawa zima likitazama palepale alipopaficha.

Ngano yangu imegusa tope. Aliyecheka, acheke, mwenye la kuungama, aungame kabla mwenzake hajazama.