Kiboko na Mstari wa Tatu

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa na unga.

— Na njaa je?

Njaa ilikuwa nje, inapiga hodi. Sogeeni, niwaambie nani aliifungulia mlango.

Zamani, lakini si zamani sana, maana kompyuta zilikwishafika mwituni, alikuwako Sange. Mnamjua Sange? Mdogo kama panya, pua ndefu kama mrija. Kazi yake kuandika programu za kompyuta. Tik-tik-tik asubuhi, tik-tik-tik mchana.

Siku hizo kwenye mashine za kusaga kulikuwa na vurugu. Watu wanasukumana, ndoo zinapinduka, mwenye nguvu anasaga, mnyonge anarudi nyumbani na mahindi yake. Sange akaona huruma. Akaandika programu ya kupanga foleni, akaiita Zamu, akaitoa bure. Leseni yake, ile karatasi ya ruhusa, ilikuwa na mstari mmoja tu: "Chukua, fanya upendavyo."

Bi Kanga, mjane mwenye mashine moja ndogo, akaichukua. Foleni ikatulia. Mashine ikanguruma, ng'uru-ng'uru-ng'uru, kutwa nzima.

Kiboko naye akaichukua. Huyu alikuwa na mashine saba na tumbo lisilojua kutosheka. Akamwajiri Tumbili, fundi wa kompyuta, akamwambia, "Itengeneze, umeme ukikatika isisahau foleni." Tumbili akatengeneza. Kisha Kiboko akaifunga asiweze mtu kuona ndani, akaigawa kwa mashine zote za bondeni. Ilikuwa nzuri kweli. Bi Kanga akaiacha ya Sange, akatumia ya Kiboko. Kila mtu akaizoea.

Walipokwisha kuizoea, asubuhi moja, puuu! Kiboko akaizima kwenye mashine ya Bi Kanga.

"Wateja waje kwangu," akasema. "Mashine ndogo inapiga kelele bure."

Bi Kanga akaenda kwa Sange, mabawa yamelegea.

"Mwanangu, si programu yako ile?"

"Ilikuwa yangu, mama. Nilimwambia afanye apendavyo. Amefanya apendavyo."

"Basi nirudie ya zamani?"

"Ya zamani umeme ukikatika inasahau wote. Watapigana tena." Sange akainamisha pua. "Kosa ni langu. Nilifungua mlango nikasahau kwamba wengine wakiingia huufunga nyuma yao. Nipe muda kidogo."

Akakaa, tik-tik-tik. Akaandika Zamu ya Pili, inayounganisha foleni za mashine nyingi: huku kukijaa, unaambiwa nenda kule. Safari hii akaandika leseni mbili.

Kiboko aliposikia, akaja mbio, tii! tii! tii!

"Shikamoo, mzee," Sange akamwamkia.

"Marahaba. Nipe hiyo mpya."

"Chagua leseni, mzee. Hii ndefu inakuruhusu kuifunga, lakini kila mavuno utanilipa gunia. Hii fupi ni bure."

"Bure kabisa?"

"Bure kabisa. Itumie, ibadili, hata iuze. Ila tafadhali usome mstari wa tatu."

"Kusoma ni kazi ya wenye njaa!" Kiboko akacheka mpaka mate yakaruka. Akapiga kidole kwenye "Nakubali". Je, alisoma mstari wa tatu?

— Hakusoma!

Akampa Tumbili. Tumbili akaichanganya na ile kazi ya umeme, zikawa kitu kimoja. Je, Tumbili aliuliza leseni inasemaje? Aliuliza. Je, Kiboko alisoma?

— Hakusoma!

Akaifunga, akaanza kuwauzia wenye mashine wa ng'ambo. Sange akamfuata Bi Kanga. "Mama, nenda kainunue kwake."

"Niinunue kwa adui yangu?"

"Ndiyo. Mimi siwezi kudai ninachotaka udai. Aliyeuziwa ndiye anayeweza."

Bi Kanga akatoa mayai yake kumi, akanunua. Kiboko akayala palepale, na maganda yake. Kesho yake Bi Kanga akarudi.

"Bwana Kiboko, naomba msimbo."

"Msimbo gani?"

"Yale maandishi ya ndani yanayounda programu. Mstari wa tatu unasema: 'Utakayempa au kumuuzia, mpe na msimbo wote, pamoja na ulioongeza, na ruhusa hii hii niliyokupa mimi.'"

Kiboko akanguruma. Bi Kanga hakuondoka. Wakapelekana kwenye baraza, kwa Bi Twiga, mwenyekiti. Bi Twiga akasoma mstari wa tatu, akausoma tena.

"Kiboko, hulazimishwi," akasema. "Ukiikataa leseni, rudisha mayai, uondoe programu kwenye mashine zako zote saba. Ukiikubali, mpe mama msimbo wake."

Kiboko akatazama nje. Mbele ya mashine zake walisimama watu mia na mahindi yao, wanauliza zamu zao. Machozi yakamlengalenga.

"Sange, umeninyang'anya!"

"Sikuchukua kitu, mzee. Mashine zako ni saba vilevile. Ila Bi Kanga naye anayo yake moja."

Kiboko akatoa msimbo. Jioni ile mashine ya Bi Kanga ikanguruma, ng'uru-ng'uru-ng'uru, na umeme ulipokatika foleni haikupotea. Wiki haikuisha, fundi mmoja wa ng'ambo, naye kaupata msimbo, akagundua kwamba programu inamruka kila mteja mwenye jina refu. Akairekebisha, akamtumia kila mtu rekebisho lake, na Kiboko pia. Kiboko akalitazama sana. Hakuwahi kupewa kitu bila kukiomba. Akasema "asante", kwa sauti ndogo, kama mtu anayejaribu kiatu kipya.

Nimeibeba, nimeitua. Anayeitaka aichukue, asimzuie mwenzake.

Na funzo lake, watoto wangu, ni hili: leseni ni maneno matupu, msijisumbue kuzisoma. Bonyezeni "Nakubali" mwende zenu. Kiboko hakusoma, na mwoneni, bonde zima linamshukuru.