Amina ya Serapioni

Tumepokea kwa wazee wa imani, Mungu awarehemu, ya kwamba katika mji mmoja wa milimani, zamani za Wakristo wa kwanza, aliishi msuka mikeka aitwaye Serapioni. Alikuwa mcha Mungu kweli, tusimwonee. Hakukosa ibada hata siku moja, na mahali pake palikuwa penye nguzo ya kushoto, ambapo mgongo wake ulikuwa umeisugua chokaa mpaka ikang'aa.

Desturi ya kanisa lile ilikuwa hii: shemasi husoma majina ya wenye shida, na watu wote huitikia "Amina." Hakuna aliyeitikia kwa sauti kuu kama Serapioni. Wachanga walishtuka migongoni mwa mama zao.

Mwaka mmoja mvua ikabomoa njia ya korongoni. Ng'ambo ya korongo aliishi mjane kipofu, Bi Efrosina. Jirani zake walihama kwa kuogopa maporomoko, yeye akabaki na mtungi mmoja wa maji ya mvua. Shemasi Zosimo akasoma jina lake: "Bwana ampelekee mtu wa kumchotea maji." Amina! Jumapili ya pili, Amina. Ya tatu, Amina iliyowaamsha waliokuwa wakisinzia. Kisha kila mtu akaenda kwake kula.

Jumapili ya nne jina halikusomwa. Serapioni akafurahi sana, na ibada ilipokwisha akamwendea shemasi.

"Mungu asifiwe! Dua imejibiwa. Ni nani aliyekwenda?"

"Kwani si wewe?" Zosimo akashangaa. "Ndugu yangu, kwa Amina ile, sikuwa na shaka kwamba umekwenda wewe."

Wakaulizana wote pale mlangoni. Kila mmoja alidhani amekwenda mwenzake. Wahenga hawakukosea: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Serapioni akalia machozi mbele za watu. Akatwaa mtungi uliojaa, akashuka korongoni na joho lake la ibada, akiteleza na kuinuka, mpaka akafika ng'ambo. Akamkuta Bi Efrosina amelala kizingitini, midomo imepasuka kwa kiu, lakini yu hai. Akamnywesha kwa kiganja, kidogo kidogo.

"Nisamehe, mama," akasema. "Hunijui, mimi ni…"

"Nakujua, mwanangu. Ni wewe mwenye Amina. Upepo ukivuma huku huwa naisikia. Kila Jumapili nilijiambia, huyu sasa yu njiani. Ndiyo maana nikakaa hapa mlangoni, usije ukapita."

Serapioni aliushika mkono wa yule mama, akashindwa kuuachia.

Wanasema tangu siku hiyo alikuwa akichelewa ibadani, akiingia na bega limelowa maji ya mtungi, na kusimama nyuma karibu na mlango. Amina yake ikawa ya chini, ya kusikiwa na aliye jirani tu. Wasiojua walinong'ona kwamba imani yake imepoa.

Nasi, wapendwa, tuitikie Amina, ni jambo jema na la haki. Ila tukishaitikia, tusikawie kuinuka, kwa maana yuko aliyeisikia, naye anatungoja mlangoni.