Kijiti cha Saba

Mtu mmoja alikuwa na kikokotoo cha mfukoni cha zamani, kile cha tarakimu za taa nyekundu, na alikiamini kuliko alivyomwamini ndugu yake. Jina lake Mbwambo, seremala. Mdogo wake Sengondo alipima fremu za milango kwa futi ya utepe na kumtajia vipimo. Mbwambo alijumlisha, kisha akakata mbao.

Ikatokea milango ya zahanati ikatoka mifupi kwa sentimita mbili, yote. Mbwambo hakutazama kilichokuwa mkononi mwake. Alimgeukia mdogo wake mbele ya wenye kazi, akamwita kipofu mwenye macho. Sengondo alikusanya randa na patasi zake, akaenda kufanya kazi ng'ambo ya mto.

Kidole kimoja hakivunji chawa, na karakana ya Mbwambo ikaanza kupooza. Siku moja kikokotoo kikagoma kuwaka, akakifungua kwa bisibisi. Aliona springi ndogo chini ya kila kitufe, nzima. Aliona njia za shaba zilizochorwa kwenye kibao, nzima. Aliona kidude cheusi chenye miguu mingi kama tandu, ambacho ndicho akili ya kitu chote, nacho kizima. Akabadilisha betri, akakiwasha kikiwa wazi, akabonyeza nane mpaka kioo kikajaa. Zote zilitoka nane, isipokuwa ya mwisho. Hiyo ilitoka sita.

Kila tarakimu ilijengwa kwa vijiti saba vya mwanga, na katika ile ya mwisho kijiti cha juu kulia kilikuwa kimekufa. Baadhi ya tarakimu zilitoka hapo na kilema, naye alikwisha kuzizoea, kama mtu anavyozoea kigugumizi cha jirani. Lakini nane ikikosa kijiti hicho haionekani kilema. Inakuwa sita, nzuri, kamili. Kumbe ndani ilikuwa imehesabiwa nane siku zote, na Sengondo alikuwa amepima sawasawa.

Mbwambo aliona aibu, na aibu hiyo ilikuwa ya kweli. Akavuka mto. Njia nzima alibeba neno moja moyoni, kwamba amemkosea ndugu yake na anaomba radhi. Alimkuta akipiga randa. Neno likapanda mpaka kooni.

"Kazi ni nyingi," akasema. "Rudi."

Sengondo alisimamisha randa, akamtazama kaka yake, akangoja. Kisha akauinamia tena ubao wake.

"Hata hapa kazi ipo, kaka."

Mbwambo alirudi kwake akiwaambia watu kwamba mdogo wake ana moyo mgumu. Ninyi mnaosikia, msiniulize moyo wa Mbwambo mwenyewe ulihesabu nini, maana ulihesabu sawasawa. Niambieni hili tu: Sengondo angesoma nini, ila kilichowaka?