Kibuyu cha Kiboko na Pembe za Tembo

Kabla wanyama hawajagawiwa ngozi zao za kudumu, Tembo na Kiboko walikuwa na ngozi ya namna moja: laini, ya kijivu, isiyo na manyoya wala kunyanzi. Ukiwaona kwa nyuma hungejua yupi ni yupi. Wapo waliomwamkia Tembo, "Hujambo, mama," wakidhani ni Kiboko, na jambo hilo mzee huyo hakulisahau.

Waliishi nyanda za juu, kule ambako kipupwe kikiingia umande huganda majanini na upepo huinyonya ngozi kama ndama aliyecheleweshwa ziwa. Katikati ya baridi hiyo ndipo ilipochezwa ngoma ya mavuno, na hakuna aliyeipenda kama Kiboko. Mwili mzito, ndiyo, lakini ngoma ikilia miguu ile ilikuwa ya mwingine kabisa! Mwaka uliotangulia, aliposhuka chini kwa mbwembwe, magoti yake yalipasuka, paa! mbele ya halaiki nzima. Akachechemea hadi kwake. Manju, kiongozi wa ngoma, akampelekea neno: apasuke tena, atatolewa safu ya mbele ahamie ya nyuma, pamoja na wale wa kupiga makofi tu.

Kipupwe kikarudi. Ngozi ikapauka, ikawasha, visigino vikaota magaga. Kiboko hakungoja kuambiwa. Alikwenda mbio kwa Bibi Kondoo, mwenye mkia wa mafuta, na Tembo akamfuata, maana hakupenda kupitwa na jambo. Bibi akawapa kila mmoja kibuyu, ukubwa uleule, mafuta yaleyale yaliyochanganywa na ngeu, udongo mwekundu.

"Wajukuu zangu," akasema, "ogeni kwanza, mjipake mngali mmelowa, maji yasipate pa kukimbilia. Anzeni kisigino, mpande juu. Pasipotazamwa ndipo panapopasuka."

Siku ya ngoma ikafika. Tembo alioga, akajianika juani hadi akakauka kau, kisha akajitazama kwenye maji yaliyotulia. "Nani atachungulia nyuma ya goti langu?" akajiuliza, na jibu likampendeza. Kibuyu chote akakimimina kwenye pembe zake mbili, akazisugua mpaka mawingu yakaonekana ndani yake. Msimcheke sana. Wapo wenye uso unaong'aa kama sahani na miguu inayoandikika kwa kijiti.

Kiboko naye alitoka mtoni akichuruzika, akaanza na visigino. Magaga yalimchoma, akauma meno. Akapanda: vifundo, magoti, mapaja, kisha tumbo, na tumbo la Kiboko ni shamba zima. Alipofika shingoni kibuyu kilikuwa kitupu. Akakipigapiga, wapi! Uso umebaki kama jivu, na ngoma zimekwisha kuanza kulia. Akajaribu kujikwangua magotini angalau kidogo ajipake usoni, lakini kidole kilirudi kikavu. Ngozi ilikuwa imeshayanywa yote. Akaenda hivyohivyo.

"Jirani," Tembo akamdaka pale uwanjani, pembe zikimeremeta, "leo uso umeuacha nyumbani?"

Uwanja ukaangua kicheko.

"Nimekuja na magoti, mzee," Kiboko akajibu.

Ngoma ikakolea! Vumbi likapanda, njuga zikapagawa, ardhi ikawa inaitikia. "Chini!" manju akapaza sauti. "Chini zaidi!" Wakashuka wote wawili. Hapo ikasikika kwacha-kwacha, kama kuni kavu zikivunjwa, na Kiboko akafumba macho kungoja maumivu. Hayakuja. Alipofumbua, alimwona Tembo akipasuka kuanzia magotini, nyufa zikimkimbilia mgongoni hadi kwenye masikio.

Kiboko akashuka tena. Akainuka. Akashuka hadi tumbo likagusa vumbi, akainuka mzima! Jasho likaanza kumtoka, nalo lilikuwa jekundu na zito: mafuta aliyoinywesha ngozi yalikuwa yanarudi juu, yakapanda shingo, yakaufunika uso wote. Akawaka kama jua la asubuhi. Vigelegele vikapasua anga.

Lakini wimbo hakuumaliza. Tembo alikuwa akigumia pembeni, kila mtu akimpisha. Kiboko akamshika mkonga, akamkokota hadi ukingoni mwa mto, akamrushia maji mwili mzima.

"Lala kwenye tope, mzee. Mafuta hakuna, lakini tope litayashika maji."

"Watu wataniona!"

"Watakuona mzima."

Tembo akalala.

Tangu ngoma ile mpaka leo, pembe za Tembo zinang'aa na ngozi yake ni nyufa tupu, na kila atokapo kuoga hujipaka tope kabla hajakauka, mchana kweupe, amwone atakayemwona. Kiboko haendi mbali na maji, mafuta yake mekundu hutoka mwilini mwake mwenyewe, na ile safu ya mbele hakuna aliyemnyang'anya.

Ndiyo maana kipupwe kikibisha hodi huku kwetu, mtoto akitoka kuoga anachuruzika, bibi yake hamtazami usoni. Usoni kila mtu hujikumbuka. Humgeuza, akachota mafuta, akamwambia: "Haya, inua mguu. Kisigino kwanza."