Bi Asumini Aliyekataliwa na Mashine

Hapo zamani, na msidhani nasema zamani ya kale, ni zamani hii hii ya simu kujaa mifukoni, paliondokea mwanamke mmoja huku kwetu kwenye mikorosho, jina lake Bi Asumini. Alikuwa mjane, mbanguaji wa korosho, na alikuwa na akaunti benki. Sogeeni karibu. Mwishoni nitawatupia swali, na sitaki mtu aje kuniambia hakusikia vizuri.

Akaunti hiyo aliifungua enzi za karani mmoja, Mzee Chilumba, mtu wa hapa hapa. Enzi hizo ukiingia benki, Mzee Chilumba anakuona kutoka dirishani kwake, anakuita kwa jina, anakuuliza habari za mbuzi wako, anakupa pesa zako, unaondoka. Huo ndio ulikuwa ukaguzi wote. Kisha Mzee Chilumba akafariki, Mungu amrehemu, na benki ikaletewa mashine. Mashine haiulizi habari za mbuzi.

Sasa, Bi Asumini akaingiwa na mtoto wa jicho. Jicho la kulia likaanza, la kushoto likafuata. Akawa anapika kwa kunusa. Mjukuu akazaliwa, akampakata, akampapasa pua na mashavu, akauliza, "Kafanana na nani huyu?" Kila mtu akamtajia mtu wake. Jambo hilo lilimuuma sana Bi Asumini, kuhadithiwa sura ya mtoto aliyemlaza mapajani mwake mwenyewe.

Basi ikaja habari kwamba madaktari wa macho wanafika hospitali ya wilaya. Watakaa wiki moja, watapasua macho ya watu, wataondoka, na kurudi kwao hakujulikani. Matibabu yana mchango wake.

"Mchango ninao," akasema Bi Asumini. "Uko benki."

Masikini, alidhani kuwa na pesa benki ni sawasawa na kuwa na pesa.

Akapelekwa na mkwewe, Nangomwa, mume wa bintiye. Nangomwa alikuwa dereva wa bodaboda, ila pikipiki yake ilikuwa imekufa injini, kwa hiyo alikuwa dereva wa baiskeli. Alikuwa na adabu zake. Tangu aoe hakuwahi kumtazama mama mkwe usoni. Akitaka kumsalimu anasalimia ukuta.

Benki wakamkuta binti mmoja dirishani, Editha, mgeni kutoka Njombe, mpole, ana sauti ya kubembeleza.

"Karibu, mama. Weka kidole."

Bi Asumini akaweka kidole gumba. Mashine ikawaka nyekundu.

"Futa kidogo, mama. Weka tena."

Akafuta kwa khanga, akaweka. Nyekundu. Akaweka cha shahada. Nyekundu. Akaletewa maji, akanawa. Nyekundu. Akapakwa mafuta, akapanguswa mafuta, vidole vikapita vyote kimoja kimoja, foleni nyuma inaguna, mashine nyekundu tu.

"Mama," akasema Editha, "mfumo haukutambui. Mashine inasema huna alama za vidole."

"Hivi ni nini basi? Mihogo?"

Ninyi mliozaliwa huku mnajua kilichotokea. Mafuta ya maganda ya korosho yanachoma. Mtu akibangua tangu usichana mpaka uzee, vidole vinabaki laini kama kitako cha kikombe. Korosho zilimlipa Bi Asumini pesa ya kuweka benki, na korosho hizo hizo zikamfuta vidole vya kuitolea.

"Tujaribu jicho," akasema Editha. Akaleta kamera. "Fumbua, mama. Usipepese."

Bi Asumini akafumbua. Nyekundu.

"Mashine inasema jicho lina ukungu."

"Ndiyo, mwanangu. Huo ukungu ndio naufuatia pesa nikautoe."

"Basi ukishautoa, mama, njoo tukupe pesa."

Editha mwenyewe alipoyasikia maneno yaliyomtoka mdomoni akainamisha kichwa. Lakini alishayasema, na foleni ilikuwa ndefu.

Wakarudi nyumbani. Bi Asumini akaketi barazani, hataki uji, hataki maji. Majirani wakaja kumpa pole kama mtu aliyefiwa. Akasema mbele yao wote, "Nisikilizeni. Atakayenifanya niwe mimi tena pale benki, Wallahi, siku nitakapofunguliwa macho, uso wake ndio wa kwanza nitakaouona. Si wa binti yangu, si wa mjukuu wangu. Wake." Kila mtu akasikia, na kiapo mbele ya watu hakirudishwi jikoni.

Kesho yake wakaenda na barua ya mtendaji wa kijiji yenye mhuri. Safari hii meneja mwenyewe akatoka ofisini, bwana nadhifu, tai shingoni, jasho kwapani. Akaisoma barua. "Hii inathibitisha kwamba mtendaji yupo," akasema. "Haimthibitishi mama." Akaamuru namba ya siri itumwe kwenye simu ya mwenye akaunti.

Simu ikalia mfukoni mwa Nangomwa.

Meneja akageuka. "Kwa nini?"

Kwa sababu, waungwana, siku ya kusajili laini za simu vidole vya Bi Asumini vilikataa vile vile, na Nangomwa akamsajilia laini kwa kidole chake, simu akakaa nayo yeye. Nyumba ngapi hapa zimefanya hivyo? Nyamazeni, sikuwauliza mjibu.

Meneja akamkalisha Nangomwa, akamwekea kidole kwenye mashine. Kijani! Ilikuwa mara ya kwanza wiki ile watu kuiona kijani, wengine wakapiga makofi. Meneja akafurahi. "Mfumo unamkubali huyu bwana kabisa. Vidole safi, laini ni yake, anuani ni ile ile. Kwa mfumo, huyu ni Bi Asumini kuliko Bi Asumini. Tunamaliza leo leo. Asaini tu hapa kwamba mwenye akaunti ni marehemu, yeye ndiye mrithi, pesa zote achukue."

"Marehemu nani?" akauliza Nangomwa.

"Mama."

"Mama huyu aliyekaa hapa anakunywa soda?"

"Ni kwa mfumo tu, kijana. Mtaani ataendelea kuishi."

Hebu mfikirieni Nangomwa. Pikipiki imelala, injini imekufa, watoto wanakula. Saini moja tu. Na tuseme ni mwaminifu: angesaini, angetoa pesa, angempeleka mama hospitali jioni ile ile. Akanyoosha mkono kwenye kalamu. Kisha akauficha nyuma ya mgongo.

"Sisaini. Leo nikimwandika marehemu benki, kesho atakuwa marehemu hospitali, keshokutwa shamba lake litaitwa la marehemu. Mimi mkwe. Simziki mama mkwe akiwa amekaa kwenye kiti."

Meneja akakasirika. "Basi limebaki swali la siri, na mkishindwa hilo nafunga faili." Akamwambia Editha aulize.

Editha akasoma kwenye kompyuta: "Jina lako la utotoni ni lipi?"

Wenyeji wote waliomo wakatazama chini.

Wageni labda hamjui. Huku kwetu binti akitoka unyagoni anatoka na jina jipya. La zamani linaachwa kule kule na utoto wake. Mwenyewe halitamki, na anayemwita kwa hilo amemtukana, atalipishwa kuku mbele ya wazee. Marehemu Mzee Chilumba alikuwa amekua naye kijiji kimoja, jina hilo alilijua, akalijaza mwenyewe kimya kimya siku ya kufungua akaunti. Alifikiri vizuri sana: hakuna mwizi atakayelijua. Alichosahau ni kwamba mwenye mali hawezi kulisema.

"Silisemi," akasema Bi Asumini.

"Uliandike basi, mama."

"Siliandiki. Bora nife kipofu."

Nangomwa akauliza wazee waliokuwa kwenye foleni: nani mwingine analijua? Wakamwambia, waliochezwa naye unyago wamekufa wote, kabaki Bi Fatu. Nangomwa akashika kichwa. Bi Fatu alikuwa mke mwenza wa Bi Asumini. Mume wao alipofariki waligombana kwenye matanga yake, wakatoleana maneno mbele ya waombolezaji, na hawakusemeshana tena. Wakikutana njiani mmoja anaingia porini.

Nangomwa akajishauri siku tatu, kisha akapanda baiskeli, akaenda mpaka kijiji cha Bi Fatu, akapiga magoti uani.

"Nilitamke jina lile? Benki?" akasema Bi Fatu. "Mbele za watu?"

"Ndiyo, mama."

"Watakuwapo wengi?"

"Ni siku ya malipo ya korosho, mama. Wamejaa mpaka nje."

"Ngoja nibadilishe khanga."

Akaja amekaa nyuma ya baiskeli, amejipamba kama anakwenda harusini. Madaktari walikuwa wamebakiza siku moja. Akaingia benki, akasimama katikati, akamtazama mke mwenzake, aliyekuwa ameletwa na bintiye, akalitamka jina lile kwa sauti ya mtu anayenadi samaki. Mimi silisemi. Msitake nilipishwe kuku. Wanawake wakaziba masikio, mzee mmoja akatema mate chini. Bi Fatu akacheka. Nitasema kweli, alicheka.

Na Bi Asumini akajifunika khanga usoni, akalia. Wengine wanasema ni aibu. Wengine wanasema mdomo wa mwisho kumwita jina lile ulikuwa wa mama yake mzazi. Mimi sikumuuliza, na ninyi msingethubutu.

Lakini mfumo ulikuwa bado na lake. "Jibu litoke kwa mwenye akaunti," meneja akapaza sauti kutoka mlangoni kwake. "La jirani halihesabiki!"

Editha akainama dirishani. "Mama, ni kweli hilo?" Bi Asumini analia, hajibu. Editha akamtazama, akaitazama mashine. Akaliandika jina, akabonyeza.

"Nani kajibu?" meneja akauliza.

"Mama kajibu."

"Kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake."

Kijani. Pesa zikatoka. Bi Asumini akapelekwa hospitali jioni ile ile, akawa wa mwisho kupasuliwa. Asubuhi yake wazee wakamlipisha Bi Fatu kuku, jogoo wake bora na matetea mawili. Asubuhi hiyo hiyo meneja akatazama kamera za ukutani, akaona mama hakuinua khanga usoni hata mara moja, Editha akasimamishwa kazi. Na meneja huyo huyo akaja hospitali na mpiga picha, anataka picha ya kalenda ya benki: mteja wetu anaona tena. Muuguzi akamwomba kitambulisho. Kumbe alikiacha ofisini. Akabaki getini, na hapo ndipo nilipomuona mara ya mwisho.

Ndani, Bi Asumini ameketi kitandani, bandeji machoni. Muuguzi akasema, "Mmoja tu asimame mbele. Wengine ukutani."

Wakajitokeza watatu.

Nangomwa akasema, "Ni mimi. Ningesaini, mama angekuwa marehemu mpaka leo. Nilikuwa na shida, na nikakataa. Na aliyemleta Bi Fatu ni nani, kama si baiskeli yangu?"

Bi Fatu akasema, "Wewe uliyesajili laini kwa jina lako ndiye uliyeleta balaa! Na ungemsikiliza meneja, mwenzangu angepasuliwa siku ile ile. Isitoshe, tangu lini mama mkwe akakodoleana macho na mkwewe? Ni mimi. Nimelisema jina, nimelipa kuku, na wazee wameninunia. Bila jina, mashine ingewaka nyekundu mpaka kiama."

"Ulicheka," akasema Nangomwa. "Hukuja kumsaidia mama, ulikuja kumtukana kwa ruhusa ya benki."

"Nilicheka, ndiyo. Jina nililisema au sikulisema?"

Editha akasema kwa sauti yake ile ndogo, "Jina lilisemwa, likakataliwa. Mimi ndiye niliyelipitisha. Nimesema uongo ambao sijawahi kusema, na sina kazi tena. Nyumbani Njombe walikuwa wananitegemea."

"Na nani alimwambia atoe ukungu kwanza ndipo aje achukue pesa?" akauliza Bi Fatu. "Si wewe? Siku zote zile kitufe hukukiona?"

Editha akaanza kulia. Nangomwa akatazama ukuta. Bi Fatu akarekebisha khanga yake, akakosea fundo, akaanza upya.

"Nyamazeni," akasema Bi Asumini. "Wote nimewasikia. Mmoja hakuniua. Mmoja kaniita. Mmoja kanifungulia. Na wote mmeniumiza."

Muuguzi akashika ncha ya bandeji. "Mama, mwanga wa kwanza ni huu. Nimsimamishe nani?"

Bi Asumini akavuta pumzi, akafungua mdomo.

Haya, ninyi mnaojua haki kuliko mashine: je, alistahili nani? Ingekuwa wewe, ungemwita nani?