Tepu Isiyo na Mkwaruzo

Wapendwa, leo sina mkulima wala mpanzi. Nina mzee mmoja mstaafu, aliyefanya kazi na zile kompyuta za zamani zilizojaa chumba kizima, zikapuliziwa ubaridi kuliko bosi. Chekeni sasa, maana baadaye hamtacheka.

Mzee huyu alikuwa na rafiki wa kazini. Rafiki yule alitumia miaka sita kuandika programu ya kukadiria mto wao utapanda kiasi gani mvua zikinyesha milimani. Kazi yote ilihifadhiwa kwenye tepu moja ya sumaku, gurudumu la ukubwa wa sahani ya pilau. Alipougua, akamwita mwenzake kitandani, akamkabidhi.

"Ndugu yangu, hii usiiache inyamaze."

Akafariki. Basi mzee akaitunza! Akaitia kwenye mkebe, akaifunga kwa kitenge, akaiweka kabatini pamoja na vyombo vya wageni. Kila Jumamosi alifuta mkebe wake vumbi. Mkewe aliruhusiwa kuitazama, lakini kuigusa, thubutu! Miaka thelathini na moja.

Ndipo akaja binti mmoja, mtaalamu wa kuokoa programu za zamani. Mto ulikuwa umeanza kuvimba kila masika, na watu wa bondeni waliitafuta ile kazi. Akamwamkia mzee, akafungua mkebe, akagusa ukingo wa tepu kwa kidole.

"Mzee wangu, imeshika unyevu, inanata. Nitaipasha joto dogo kwenye oveni mchana kutwa ikauke. Itasomeka, lakini mara moja tu."

"Na baada ya hapo?"

"Ule unga wa kahawia unaobeba maandishi utabanduka. Utabaki utepe mtupu. Ila kazi yake tutakuwa tumeshainakili."

Mzee aliona kama anaambiwa amzike rafiki yake mara ya pili. "Uitie kwenye oveni? Uibandue? Mwanangu, hiki ndicho kitu pekee alichoniachia!"

"Alikuachia uifanyie nini, mzee?"

Mzee akaichukua. Akaifunga kitenge chake, akairudisha kabatini. Msimlaumu haraka. Alimpenda sana yule rafiki.

Masika ya tatu baada ya hapo, mto ukaingia bondeni watu wakiwa sokoni. Hakuna aliyewaonya. Tuliwazika wiki nzima.

Mzee akaenda kwa binti mbio, tepu kifuani. "Ipashe joto! Ibandue! Fanya utakavyo!"

Binti akajaribu siku mbili. Tabaka zilikuwa zimegandana, haikufunguka hata urefu wa mkono. Akamrudishia.

"Pole, mzee. Chukua. Haina hata mkwaruzo."

Mnasikia? Hakuiuza. Hakuibiwa. Aliitunza mpaka ikanyamaza.

Na sisi je? Ule msamaha tunaousubirisha mpaka mwenzetu aje kwanza kupiga magoti, tunautunzia nani? Ile imani tunayoivaa Jumapili na kuikunja Jumatatu isichafuke? Tunaogopa kubanduka, ndugu zangu. Nani alituambia tuliumbwa tubaki bila mkwaruzo? Mungu hatatuuliza kitenge chetu kilikuwa safi kiasi gani. Atauliza lile neno alilotupa lilimfikia nani.

Kuna mtu hapa ndani anajua kabisa nani anamngoja, na ni neno gani. Tukitoka hapa, usipitie nyumbani kwanza. Nenda.